Shafti Moja, Kazi Tano: Kugeuza Msumeno Mkuukuu wa Umeme Kuwa Mashine ya Seremala

Ukipita kwenye karakana za Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, hukosi kukutana na mashine isiyo na jina la kiwanda wala kibandiko cha namba. Fremu yake ni chuma cha engo kilichochomelewa papo hapo mtaani, mota imefungwa chini, na mkanda unazungusha shafti moja. Katikati ya shafti kuna silinda ya visu vya kuranda. Ncha moja imebeba msumeno wa duara, ncha ya pili imebeba biti ya kuchimbia matundu ya ndimi, yale ya kuungia mbao. Ukiuliza ilitoka wapi, mara nyingi utaambiwa ilianza kama kitu kingine: msumeno wa meza uliochoka, mota ya pampu iliyobaki, meza iliyookotwa kwa wauza vyuma chakavu.

Kwa hiyo mwenye msumeno mkuukuu wa umeme uliolala bandani anaposema anataka kuugeuza uwe mashine ya kazi nyingi, haoti. Inafanyika. Ila wanaoshindwa huwa hawashindwi pale wanapodhania. Kuchomelea si tatizo, mchomeleaji yuko kila kona. Shida ni kwamba kila kazi ya mbao inataka mwendo wake, na shafti ni moja. Asiyepiga hesabu ya mwendo huishia na mashine inayopasua vizuri, inayounguza mbao kwenye msasa, na inayotisha kwenye drili.

Tuelewane kwanza kuhusu neno “pawasoo”, yaani msumeno wa mashine (power saw). Wengi wakisikia “pawasoo” wanawaza msumeno wa mnyororo unaotumia petroli, ule wa kuangushia miti. Huo uache msituni, hauhusiki hapa. Tunazungumzia msumeno wa diski unaotumia umeme.

Wazo la kubebesha mota moja kazi nyingi lina umri mkubwa. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, Raymond DeWalt aliutundika msumeno kwenye mkono wa chuma juu ya meza ili uweze kugeuzwa kwa mikato mbalimbali, akauita Wonder Worker. Mwaka 1947 ikaingia sokoni Shopsmith ya Hans Goldschmidt: msumeno wa meza, mashine ya kukereza, drili ya kusimama, drili ya kulala na diski ya msasa, vyote kwa mota moja. Toleo lake la baadaye, Mark V, lilikuwa na kitasa cha kubadili mwendo kutoka mizunguko 700 hadi 5,200 kwa dakika. Watu walivutiwa na wingi wa kazi, lakini kitasa kile ndicho kilichofanya kazi hizo ziwezekane.

Sasa geukia msumeno wako uone una mota gani, maana hapo ndipo njia zinapoachana.

Kama ni msumeno wa mkononi, ule wenye diski ya milimita 185 au karibu na hapo, ndani yake kuna mota ya kaboni. Ni mota nyepesi yenye kelele, inayozunguka kama mara 5,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo, na mwendo hushuka kila unapoibana. Imetengenezwa kukata mbao mbili tatu kisha ipumzike. Wapo wanaoipindua, wakaifunga chini ya meza ya plaiwudi na kuuita msumeno wa meza. Kwa mikato michache ya bodi hilo linakubalika, lakini hutatoa humo randa wala drili, kwa sababu diski imeshikana moja kwa moja na gia za ndani na hakuna pa kufungia puli ya mkanda. Tena ikishapinduliwa, vumbi linaangukia kwenye matundu ya kupozea mota. Zaidi ya yote, ili ikubali kufanya kazi kichwa chini, mtu hulazimika kuifunga ile kava ya chini kwa waya ibaki wazi, na swichi kwa kamba ibaki imebonyezwa. Umefunga vitu viwili ambavyo kiwanda kiliviweka kwa ajili ya vidole vyako. Mimi siushauri, na sioni haja ya kuendelea nao.

Kama ni msumeno wa meza wa zamani wenye mota ya kapasita, mambo ni tofauti. Mota hiyo ni nzito, haina makelele, na inaweza kufanya kazi mchana kutwa ikipumua vizuri. Kibati chake kitakupa namba mbili za muhimu. Ya kwanza ni nguvu: hospawa moja ni wati 746, na kwa mashine ya kupasua na kuranda ningetaka hospawa 2, yaani kilowati 1.5, zisipungue. Ya pili ni mizunguko kwa dakika. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mota ya nguzo mbili za sumaku husoma kama 2,850 na ya nguzo nne kama 1,440. Kibati kikiwa kimefutika, ipeleke mota kwa fundi wa kusuka mota aipime. Usikisie.

Hapo ndipo hesabu inapoanza, na ni ya darasa la saba tu. Mbao haijui shafti inazunguka mara ngapi, inachokiona ni mwendo wa jino linalopita. Zidisha kipenyo cha diski kwa mita kwa 3.14, kisha kwa mizunguko. Diski ya milimita 250 kwenye mizunguko 2,850 inakupa kama mita 2,240 kwa dakika, sawa na mita 37 kwa sekunde. Inakata, lakini kivivu, na mninga mkavu utauona ukipata weusi pembeni. Ukiweka puli ya milimita 120 kwenye mota na ya milimita 80 kwenye shafti, mwendo unapanda mara moja na nusu: mizunguko 4,275, jino linakwenda mita 56 kwa sekunde. Msumeno umefika mahali pake. Hakikisha tu namba ya juu iliyochapwa kwenye diski yenyewe haivukwi.

Silinda ya visu nayo inafurahia mwendo huohuo. Chukua silinda ya milimita 90 yenye visu viwili: kwenye mizunguko 4,275 inapiga mapigo 8,550 kwa dakika. Ukisukuma mbao mita 5 kwa dakika, pigo na pigo vinaachana kwa karibu milimita 0.6, na uso unatoka laini. Kwa mizunguko 1,440 pengo lingekaribia milimita 1.7, na mteja angeyahesabu mawimbi kwenye mlango wake kwa kucha.

Sasa weka diski ya msasa ya milimita 250 kwenye shafti hiyohiyo. Mita 56 kwa sekunde! Niliwahi kufanya hivyo kwa uvivu wa kubadili puli. Kipande cha mtiki kilitoa moshi kabla sijakiegemeza sawasawa, na msasa ukaziba kwa utomvu wa mbao ndani ya dakika moja. Msasa unataka mita 20 hivi kwa sekunde, 25 ukizidi. Biti ya milimita 12 inaenda vizuri kati ya mizunguko 1,500 na 3,000. Mguu wa kitanda wenye unene wa milimita 75, ukitaka kuukereza, unataka 1,900 hivi tena ukishakuwa wa mviringo. Kipande kizito cha milimita 300 cha kuchongea bakuli hakitakiwi kabisa kwenye mashine hii, kwa mwendo huo kitang'oka na kukutafuta.

Dawa yake ni puli ya ngazi. Mota ibebe puli mbili zilizoungana, 120 na 80, na shafti ibebe zilezile zikiwa zimepinduliwa. Mkanda ukiwa upande mmoja unapata 4,275 za msumeno na randa. Ukiuhamishia upande wa pili unapata 1,900 za drili, msasa na kukereza miguu. Kwa kuwa jumla ya vipenyo ni 200 kila upande, mkanda uleule unatosha pote bila kununua mwingine. Ukanda wa namba A, wenye upana wa milimita 13, unabeba hospawa 2 ukiwa na mvutano wa wastani. Mota iwekwe kwenye bamba lenye bawaba ili uzito wake wenyewe uuvute mkanda. Hivyo kuuhamisha ni kuinua mota kwa mguu, kusogeza, na kuachia.

Shafti nayo isiwe nondo. Nasema hivi kwa sababu nimeiona ya nondo, imechomelewa na kusagwa kwa grenda mpaka ikang'aa. Nondo haijanyooka, na kwa mizunguko 4,000 upindaji usioonekana kwa macho unakuwa mtetemo unaolegeza kila nati. Nenda kwa mkerezaji, kwenye mitaa ya SIDO, shirika la Tanzania la viwanda vidogo, mikoani hawakosekani, akukereze shafti ya chuma cha shafti halisi yenye milimita 30, ikishuka hadi 25 pale panapokaa beringi. Beringi namba 6205 zinatosha: tundu milimita 25, nje milimita 52. Sahani mbili za kubania diski ziwe na kipenyo kisichopungua theluthi moja ya diski. Tundu la diski likiwa dogo kuliko shafti, kereza shafti. Kulitanua tundu kwa tupa kunaitoa diski kwenye kitovu chake, na haitakata sawa tena.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulijua kwa mazoea bila kulieleza: upande. Simama mbele ya mashine, pale unaposukumia mbao. Meno yaliyo juu ya meza lazima yaje upande wako, yakikutana na mbao. Visu vya randa hali kadhalika. Biti za kawaida nazo hukata zikizunguka kama mshale wa saa ukizitazama kutoka upande wa chaki, yaani kishikio cha biti. Yaunganishe hayo matatu na unabakiwa na mpangilio mmoja: drili ikae mkono wako wa kulia. Ukiiweka kushoto, biti itazunguka kinyume na kusugua badala ya kuchimba, labda utafute biti za kushoto ambazo dukani ni adimu. Kulia kukishachukuliwa na drili, msumeno unakaa kushoto, na hapo nati yake lazima iwe ya kushoto, ile inayofungwa kinyume na kawaida. Kanuni ni kwamba nati hufunguka kwa kuizungusha upande uleule diski inakozunguka, ili kila mota inapoanza kwa kishindo, nati izidi kukaza. Ukikosea hapo, msumeno wenyewe utaifungua nati yake siku moja.

Mota ikizunguka upande usioutaka, usipindue mashine. Kwa mota ya kapasita, fundi umeme hubadilishana nyaya mbili za koili ya kuanzia. Kwa mota ya fezi tatu, hubadilishana fezi mbili zozote. Kapasita itolewe chaji kwanza kabla ya kuguswa, kwa sababu hubaki na umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Chaki ya drili ina mtego wake. Chaki nyingi hushikiliwa na ncha yenye umbo la koni, zimepigwa zikanasa tu. Hiyo inatosha kwa kutoboa kwenda mbele, lakini tundu la ulimi huchimbwa kwa kusogeza mbao kushoto na kulia, na msukumo wa ubavuni huing'oa chaki ya namna hiyo ikiwa inazunguka. Tumia inayofungwa kwa nyuzi za skrubu, au inayovutwa na bolti kutoka ndani ya shafti.

Kuhusu randa, silinda iwe ya duara. Silinda za mraba bado zinauzwa kwa vyuma chakavu, na zinavutia kwa bei, lakini Uingereza ilizikataza kwenye randa za kusukumwa kwa mkono tangu kanuni za mwaka 1922, kwa sababu nafasi kubwa kati ya kisu na ukingo wa meza humeza kidole kizima badala ya kukikwaruza. Meza za randa ni mbili. Ile ya nyuma iwe sawasawa kabisa na kilele cha visu, ya mbele iwe chini kwa unene unaotaka kuondoa, milimita 1 au 2. Mbao ikichimbika pale mwishoni, meza ya nyuma iko chini mno. Ikigonga ukingo na kugoma kupita, iko juu. Visu navyo huhitaji kupimwa: laza kipande kilichonyooka juu ya meza ya nyuma kikining'inia juu ya silinda, chora alama ya penseli, kisha zungusha silinda kwa mkono, plagi ikiwa nje. Kila kisu kinapopita kitakivuta kipande mbele kidogo, tuseme milimita 3. Visu vyote vikivuta sawa, viko sawa. Kimoja kikivuta 5 na kingine 1, anayefanya kazi ni mmoja, mwingine anasindikiza.

Meza ya msumeno haina maneno mengi. Iwe bapa, na mwongozo ulio sambamba na diski. Kinachosahaulika ni kile kisu kilichosimama nyuma ya diski. Mbao ikishapasuliwa hupenda kujifunga, hasa mkaratusi na paina iliyokaushwa haraka. Ikijifunga inashika meno ya nyuma, na meno ya nyuma yanapanda juu kuja upande wako. Hapo ndipo mbao inaporudi kama imerushwa kwa manati. Kipande cha chuma chenye unene kati ya ule wa bamba la diski na ule wa njia ya meno, kwa kawaida milimita 2.5, kikisimama milimita 3 hadi 8 nyuma ya meno, kinaizuia mbao isijifunge. Ni cha bei ya soda. Mashine nyingi za mtaani hazina, na ndiyo maana seremala wa zamani anasimama upande, hasimami nyuma ya mbao yake.

Umeme wetu hukatika. Hili linabadilisha swichi unayopaswa kufunga. Ukiweka swichi ya ukutani ya kawaida, umeme ukikatika wakati unapasua, utaiacha mashine, utakwenda kunywa chai, na umeme ukirudi mashine itaamka yenyewe huku kijana akiwa anafuta vumbi kwenye visu. Weka kontakta, yaani swichi ya sumaku, yenye vitufe viwili, kijani na chekundu. Umeme ukikatika inaachia, na haiwaki tena mpaka mtu abonyeze. Kitufe chekundu kiwe mahali goti linaweza kukifikia, maana siku ya shida mikono yote miwili itakuwa imeshika mbao. Nyaya ziwe za milimita za mraba 2.5, na fremu nzima iungwe na waya wa arthi. Waya wa kuongezea ukiwa kwenye kibiringa, ufungue wote, maana ukibaki umeviringwa huku umebeba mzigo unapata joto hadi kuyeyuka.

Hatari ya pekee ya mashine yenye shafti moja ni hii: unapopasua, visu vya randa navyo vinazunguka, na chaki ya drili pia, hata kama hakuna anayevitumia. Macho yako yako kwenye mbao, lakini kinachokungojea kiko ubavuni. Kila ncha isiyotumika ifunikwe kwa kava ya bati au ubao uliobanwa, na biti itolewe kwenye chaki mara kazi inapokwisha. Glavu hazivaliwi hapa, wala mkono mrefu wa kanzu, wala khanga ya kiunoni: kitambaa hakikatwi na shafti, kinavutwa. Ile raha ya mafundi watatu kuizunguka mashine moja kwa pamoja ndiyo inayogharimu vidole. Kazi moja kwa wakati, kava zote zikiwa mahali pake, ndivyo mashine hii inavyostahili kutumika hata kama foleni ya wateja ni ndefu.

Vumbi nalo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 1995. Barakoa ya kitambaa ni bora kuliko kutokuwa nayo, lakini bomba la kunyonyea chini ya silinda ni bora zaidi. Na ukipasua mvule, kumbuka ndani yake hukaa vijiwe vyeupe vya chokaa. Diski iliyotoka kunolewa asubuhi inaweza kuwa butu kabla ya adhuhuri, na kosa likawa si la fundi wala la mwendo.

Kuna kishawishi cha mwisho, nacho ni jiwe la kunolea. Shafti inazunguka, patasi ni butu, mtu anafunga jiwe la grenda ya meza. Mawe hayo yameandikwa mizunguko yake ya juu, na mengi ya ukubwa wa milimita 200 hayavuki 3,600 au chini ya hapo. Kwenye 4,275 jiwe linaweza kupasuka, na vipande havichagui. Mashine ya mbao isibebe jiwe.

Ukimaliza kuunganisha, usianze na mbao. Toa diski, toa biti, zungusha shafti kwa mkono usikilize. Kisha simama pembeni, nje ya mstari wa diski na mkanda, washa mara moja na uzime, uangalie upande inaozunguka. Ukiridhika, iache izunguke tupu robo saa, zima, chomoa plagi, na uweke kiganja juu ya nyumba za beringi. Ukiweza kukiacha hapo bila kukitoa kwa joto, rudisha diski na uchukue kipande cha paina. Kama nyumba hizo zinakuunguza, legeza mkanda na uanze upya.